Nani Amlipe Mzee wa Industrial Area?

Kila asubuhi ya siku ya kazi, kabla jua halijapanda, barabara ya Lunga Lunga jijini Nairobi hujaa watembea kwa miguu. Wanatoka Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, wakielekea kwenye viwanda na magodauni ya Industrial Area. Wachache wana barua ya ajira na mshahara wa mwisho wa mwezi. Wengi ni vibarua. Husimama nje ya geti hadi msimamizi atoke na kuhesabu watu anaowataka siku hiyo, na waliobaki huambiwa wajaribu kesho. Jioni kibarua hupewa pesa zake mkononi au kwa M-Pesa, na hesabu kati yake na mwajiri huishia hapo.

Mtu aliyeishi hivyo kwa miaka thelathini, akapakua magunia mchana na kusimamia mashine ya plastiki usiku, atalipwa na nani nguvu zikimwishia? Swali hili linazidi kuwa zito kwa sababu Kenya inaanza kuzeeka. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6, na kati yao milioni 2.7 walikuwa wamefikisha miaka 60 au zaidi, yaani kama asilimia 6. Bado ni wachache. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto 8, na uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta wastani umeshuka hadi 3.4. Kizazi kilichozaliwa wakati ule wa uzazi mkubwa ndicho kilicho kazini leo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2030 kitaanza kufikisha miaka 60, kikiwa na watoto wachache wa kukitunza kuliko waliokuwa nao wazazi wake.

Binadamu hawakuanza jana kulijibu swali hili. Katika uhakiki huu nalinganisha mapokeo manne: lile la ukoo na shamba, lile la makato ya mshahara, lile la Baitul Mal, yaani hazina ya umma ya Kiislamu, na lile la pensheni inayolipwa kwa kodi. Nayapima yote kwa kipimo kimoja: je, pokeo linamfikia yule kibarua wa getini, na litasimama wazee watakapoongezeka? Msimamo wangu nautanguliza wazi. Kodi ndiyo iwe msingi wa malipo ya uzeeni nchini Kenya, na mapokeo mengine yajengwe juu yake.

Ukoo na shamba

Pokeo la kwanza ndilo la kale zaidi, na hadi leo ndilo linalowabeba wazee wengi wa Afrika Mashariki. Mzazi hulea mtoto, mtoto humtunza mzazi, na shamba huwa dhamana yao wote wawili. Mwalimu Julius Nyerere alilitetea vizuri mwaka 1962 katika insha yake kuhusu Ujamaa. Alieleza kwamba mzee anayeonekana amekaa tu huku akiheshimiwa na kulishwa alikwisha kufanya kazi ujanani mwake, na kwamba mali inayoonekana mikononi mwake ni ya jamaa nzima iliyoichuma. Kwa hoja hiyo matunzo ya mzee ni haki ya kazi iliyokwisha kufanyika. Huruma haimo katika hesabu.

Serikali ya kikoloni ililigeuza pokeo hili likawa nafuu yake. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 na karakana zikaanza kufanya kazi, Mwafrika alihesabiwa kuwa mpita njia mjini. Mshahara wake ulipigiwa hesabu ya kapera, chumba chake kikawa cha kitanda, na akichoka alitarajiwa kurudi rizavu, yaani eneo la kijijini alilotengewa. Gharama ya uzee wake ilibebwa na mkewe na shamba lake, wala mwajiri hakuigusa. Mwaka 1954 kamati ya serikali iliyoongozwa na Carpenter kuchunguza mishahara ya Waafrika ilikiri kwamba mfanyakazi hawezi kutulia mjini bila mshahara unaotosha familia, nyumba ya kuishi na familia hiyo, na uhakika wa uzee wake. Makao kama Kaloleni yalikuwa yamekwisha kujengwa kwa ajili ya familia. Uhakika wa uzee ulibaki kwenye karatasi.

Nguvu ya pokeo la ukoo siidharau. Hakuna ofisi inayoweza kumshika mzee mkono usiku akienda haja, wala kumsikiliza akikumbuka marafiki waliokufa. Hata Katiba ya 2010, katika kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kupata matunzo ya kiasi kutoka kwa familia na kwa Dola, ikivitaja vyote viwili kwa pamoja. Lakini ukoo unadai vitu viwili ambavyo Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, inavikosa: ardhi na watoto wenye kipato. Shamba lililomtosha babu limegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hadi pengine limebaki la kujenga nyumba tu. Watoto wa kibarua nao ni vibarua. Kijana anayelipa kodi ya chumba Viwandani, karo ya watoto wawili na kumtumia mama pesa kijijini hana kosa akikwama mwezi wa tatu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, walisema wahenga, na hapa ndugu mwenyewe ni maskini.

Makato ya mshahara

Pokeo la pili lilizaliwa viwandani. Mwaka 1889 Ujerumani ya Chansela Otto von Bismarck ilipitisha sheria ya bima ya uzee na ulemavu: mfanyakazi anachanga, mwajiri anachanga, na serikali inaongeza. Mzee aliyefikisha miaka 70 alilipwa kwa kuwa alichangia. Heshima yake ilitokana na hilo, kwani hakuomba kitu.

Kenya ilifuata njia hiyo mwaka 1965 ilipounda NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Kwa miaka mingi, hadi 2023, mfanyakazi alikatwa shilingi 200 kwa mwezi na mwajiri akaongeza 200. Piga hesabu: shilingi 400 kwa mwezi kwa miaka 20 ni shilingi 96,000 kabla ya faida. Hizo ndizo alizokabidhiwa mtu kwa mkupuo, atoke nazo getini akaanze uzee. Sheria mpya ya 2013 ilikuja kurekebisha hali hiyo, lakini kesi ziliichelewesha kwa karibu miaka 10, na viwango vyake vikaanza kutumika Februari 2023 baada ya uamuzi wa Mahakama ya Rufaa.

Tuitazame sasa hati ya mshahara ya mfanyakazi wa kiwanda anayepata shilingi 30,000 kwa viwango vya mwaka 2025. NSSF inakata asilimia 6, yaani 1,800, na mwajiri anatia 1,800 nyingine. Bima ya afya ya SHIF inachukua asilimia 2.75, ambayo ni 825. Ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 unaondoa 450. Kodi ya mapato, baada ya nafuu zake zote, ni kama 731. Zaidi ya shilingi 3,800 zimekwenda kabla hajalipa chumba wala nauli. Hata hivyo mtu huyu ana bahati: kila mwezi shilingi 3,600 zinawekwa kwa jina lake, na akifika miaka 60 atakuwa na kitu cha kushika.

Mwenzake aliyechaguliwa getini asubuhi ile ile, akafanya kazi kwenye mashine ile ile, hana hati ya mshahara. Nchini Kenya zaidi ya asilimia 80 ya ajira zote ziko katika sekta isiyo rasmi. Serikali na wadau wa jua kali walijaribu kuwafikia watu hawa kwa mpango wa Mbao, ambapo mtu huweka shilingi 20 kwa siku kwa simu. Nia ilikuwa njema. Lakini anayelipwa kwa siku huacha kuchanga siku asiyoitwa, na siku hizo ni nyingi. Kumwambia ajiwekee akiba zaidi ni kumdai kitu ambacho mshahara wake hauna.

Hata huko lilikozaliwa, pokeo la makato halijitoshelezi. Ujerumani ya leo inatoza asilimia 18.6 ya mshahara kwa ajili ya pensheni, nusu ya mfanyakazi na nusu ya mwajiri, na bado serikali kuu inaongeza zaidi ya euro bilioni 100 kila mwaka kutoka kwenye kodi. Nchi ikizeeka, wachangiaji hupungua na wapokeaji huongezeka, na pengo huzibwa na hazina ya umma. Tanzania nayo imeonja uchungu wa makato. Kikokotoo kipya cha mafao kilipotangazwa mwaka 2018 kikapunguza mkupuo wa wastaafu wengi hadi asilimia 25, malalamiko yalikuwa makubwa hata Rais John Magufuli akakisimamisha Desemba mwaka huo huo. Kikokotoo cha 2022 kiliweka mkupuo wa asilimia 33. Waliokuwa wakilalamika ni watumishi wenye ajira. Mama anayeuza mihogo Manzese, Dar es Salaam, hakuwamo katika mjadala ule, kwa maana hakuwamo katika mfuko.

Muthurwa: pensheni iliyotafutwa kwenye ardhi

Kabla ya kwenda mbele, kuna mfano mmoja wa Eastlands unaostahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa unaonyesha kinachotokea malipo ya wazee yanapokosa chanzo cha kudumu.

Muthurwa, kando ya barabara ya Landhies, ni mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Mwaka 2006, uendeshaji wa reli ulipokabidhiwa kampuni binafsi, swali likazuka: maelfu ya wastaafu wa shirika la reli watalipwa na nani? Jibu lililopatikana ni kuunda mfuko wa malipo ya uzeeni wa wafanyakazi wa reli na kuupa mali isiyohamishika ya shirika, Muthurwa na Makongeni zikiwamo. Mfuko ulikuwa na ardhi yenye thamani kubwa karibu na katikati ya jiji, na ulikuwa na wazee wanaodai pesa kila mwezi. Ili ardhi igeuke pesa, ilibidi iuzwe au iendelezwe, na ili iendelezwe, waliokuwa wakiishi humo waondoke.

Julai 2010 ubomoaji ukaanza. Wapangaji wakaenda Mahakama Kuu. Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba haki zao za makazi na utu zilikuwa zimevunjwa. Aliitaka serikali ieleze hatua zake za kutunga sheria ya kuwaondoa watu kwenye makazi, akazitaka pande zote zikae pamoja na kupanga namna ya kuondoka kwa utaratibu. Wakati huo huo hakukana kwamba mfuko ni mwenye mali.

Ukiisoma kesi hiyo kwa macho ya uhakiki huu, huoni mwovu mmoja wa kumnyooshea kidole. Upande mmoja wako wazee walioendesha treni na kunyoosha vyuma karakanani, wakidai walichoahidiwa. Upande wa pili ziko familia maskini zinazodai paa. Dola ilikuwa imewaahidi wa kwanza bila kuwatengea fedha, na haikuwa imewajengea wa pili nyumba. Kisha ikawaachia wagombane wenyewe kwa wenyewe juu ya kipande kile kile cha ardhi. Deni la taifa zima lilitwikwa wapangaji wa mtaa mmoja.

Baitul Mal

Pokeo la tatu lilifika pwani ya Waswahili na Uislamu, likapanda bara na reli, na leo linaishi Pumwani na Majengo, mwendo mfupi tu kutoka viwandani. Zaka ni nguzo ya dini: asilimia 2.5 ya mali kama fedha iliyofikia nisabu, yaani kiwango cha chini cha kutozwa, na kutimiza mwaka. Kurani, katika sura ya Tawba, imetaja makundi manane ya wanaostahili kupewa, na yanayoanza ni mafakiri na masikini.

Wanazuoni wamepokea kisa cha Khalifa Umar bin al-Khattab kumkuta mzee Myahudi akiomba barabarani. Alipoulizwa, mzee akasema uzee na uhitaji vimemfikisha hapo. Umar akampeleka nyumbani akampa chochote, kisha akaagiza mweka hazina wa Baitul Mal amwangalie yeye na walio mfano wake. Hoja yake ilikuwa kwamba si uadilifu kula ujana wa mtu kwa kumtoza kodi kisha kumtupa akizeeka.

Kisa hiki kina mambo matatu yenye faida kwetu. Mzee yule alikuwa mlipa kodi, na kodi yake ya ujanani ndiyo iliyompa haki ya uzeeni, ingawa hakuwahi kuchangia mfuko wowote. Halafu dini yake haikumnyima haki hiyo. Na tena Umar hakuridhika na sadaka aliyoitoa nyumbani kwake. Alilipeleka jambo kwenye hazina ya umma, kwa utaratibu, kwa watu wote wa hali ile.

Lipo pia somo la nani atozwe. Zaka hutozwa kwenye mali iliyofikia nisabu, na fakiri hatozwi kwa kununua chakula. Udhaifu wa pokeo hili kwa Kenya ya leo ni kwamba zaka hutolewa kwa hiari na kwa waumini, wala haiwezi kubeba nchi yenye watu wa dini nyingi. Lakini kanuni zake mbili, kwamba mtozwa kodi ana haki akizeeka na kwamba mwenye mali ndiye aanze kutozwa, haziko mbali na uadilifu wa mtu yeyote.

Pensheni ya kodi

Pokeo la nne linazichukua kanuni hizo na kuzifanya sheria ya nchi. Uingereza ilipitisha sheria ya pensheni ya wazee mwaka 1908, na tarehe 1 Januari 1909 wazee wa miaka 70 na zaidi wenye kipato kidogo wakaanza kupokea hadi shilingi 5 kwa wiki. Pesa zilitoka kwenye kodi, bila mchango wa mtu. Zililipwa posta, kusudi mzee asilazimike kupita kwenye milango ya nyumba za masikini zilizoogopwa sana. Ili kulipia gharama, Waziri wa Fedha David Lloyd George alileta bajeti ya 1909 iliyolenga wenye mapato makubwa na wenye ardhi. Mabwana wa Bunge la juu wakaikataa, na mvutano ule ukaishia kwa wao kupunguziwa madaraka mwaka 1911. Uingereza hiyo hiyo, katika koloni lake la Kenya, iliona shamba la mke linamtosha Mwafrika.

Barani Afrika, Morisi imekuwa na pensheni ya wazee wote tangu 1958, masikini kwa tajiri, ikilipwa kwa kodi. Ilianza ikiwa nchi changa ya mashamba ya miwa. Leo imezeeka, na Juni 2025 serikali yake ilitangaza kupandisha umri wa kupokea hatua kwa hatua kutoka 60 hadi 65. Wananchi walipinga kwa nguvu. Wengine wataona huo ni ushahidi kwamba pensheni ya kodi haidumu. Mimi naona kinyume chake: imedumu zaidi ya miaka 65, imevuka uhuru na mabadiliko ya serikali nyingi, na inaporekebishwa, kila raia anajua ni kiasi gani na ni umri upi, kwa hiyo ana cha kutetea hadharani.

Karibu na kwetu zaidi, Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii Aprili 2016 chini ya Rais Ali Mohamed Shein. Kila mzee wa miaka 70 na zaidi alianza kulipwa shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi, masheha, yaani viongozi wa mitaa, wakithibitisha ukaazi wake. Fedha zote zilitoka kwenye hazina ya Serikali ya Mapinduzi, bila mfadhili. Mwaka 2023 kiwango kilipandishwa hadi 50,000. Uganda ilipita njia nyingine. Mpango wake wa SAGE ulianza mwaka 2010 katika wilaya 15 kwa msaada mkubwa wa Uingereza na Ireland, ukiwalipa wazee wa miaka 65, na wa miaka 60 huko Karamoja, takriban shilingi 25,000 za Uganda kwa mwezi. Ulipoenezwa nchi nzima, umri wa wapya ulipandishwa hadi miaka 80. Pensheni ya mfadhili ilitanuka kwa ramani ikasinyaa kwa watu.

Kenya yenyewe imeligusa pokeo hili. Baada ya majaribio ya kuwalipa wazee maskini kuanzia mwaka wa fedha wa 2006/07, Inua Jamii ilifunguliwa mwaka 2018 kwa kila mwenye miaka 70 asiye na pensheni nyingine: shilingi 2,000 kwa mwezi. Ilikuwa hatua kubwa. Kwa mara ya kwanza mzee aliyekuwa kibarua maisha yake yote alikuwa na haki ya malipo kwa kuwa tu ni raia na amezeeka. Lakini kiwango hakijapanda tangu siku ile, malipo huchelewa mara kwa mara, na waliofikisha umri husubiri usajili ufunguliwe. Na umri wa 70 ni mkubwa kwa mwili wa kiwandani. Mwenye ajira hustaafu akiwa na miaka 60. Kibarua mgongo humwishia kabla ya hapo, kisha anangoja miaka kumi au zaidi. Katika miaka hiyo ndipo utamkuta amejikunja kwenye kibanda cha geti la godauni usiku kucha, rungu mkononi, akilinda mali ya watu kwa ujira ule ule wa kibarua.

Kuna jambo jingine lisilosemwa sana. Kenya imekuwa ikilipa pensheni kwa kodi tangu zamani, ila kwa watu wachache. Wastaafu wa serikali walio chini ya Sheria ya Pensheni hulipwa moja kwa moja kutoka Mfuko Mkuu wa serikali bila kuwa wamechanga, na gharama hiyo imepita shilingi bilioni 100 kwa mwaka. Ni haki yao, nami sitaki ipunguzwe hata senti. Mpango mpya wa kuchangia wa watumishi wa umma ulianza Januari 2021, lakini deni la zamani litaendelea kulipwa kwa miaka mingi. Kwa hiyo anayesema kwamba pensheni ya kodi ni anasa tusiyoimudu akumbuke kwanza kwamba tumeimudu kwa karani na mwalimu. Kilichobaki ni kumhesabu na mpakua magunia.

Nani atozwe, na lini

Mpakua magunia huyo hulipa kodi. Unga wa mahindi hautozwi kodi ya ongezeko la thamani (VAT), lakini sabuni anayofulia inatozwa asilimia 16, na mafuta ya kupikia vivyo hivyo. Muda wa maongezi kwenye simu yake unatozwa VAT na ushuru mwingine juu yake. VAT ya petroli ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka 2023, na matatu ikamwongezea nauli. Kwa upande wa pili, kodi ya faida ya mtaji, inayomgusa anayeuza ardhi au jengo, ilisimamishwa mwaka 1985 na haikurudi hadi 2015, kwa asilimia 5. Ilipanda hadi 15 mwaka 2023. Kwa miaka thelathini aliyeuza kiwanja kwa mamilioni hakutozwa kwa faida yake, huku mnunuzi wa sabuni akitozwa kila alipofua. Bajeti ya Lloyd George na kanuni ya zaka zote mbili zingeona mambo yamepinduliwa.

Gharama si ya kutisha. Sensa ya 2019 ilikuta watu wapatao milioni 1.87 wenye miaka 65 na zaidi. Ukimlipa kila mmoja wao shilingi 2,000 kwa mwezi, ni kama bilioni 45 kwa mwaka. Bajeti ya mwaka wa fedha wa 2025/26 ilikuwa kama trilioni 4.3. Hiyo ni takriban asilimia 1. Ukiongeza kiwango maradufu, ni asilimia 2. Idadi ya wazee imepanda tangu 2019, lakini ukubwa wa jambo haubadiliki.

Wapo watakaosema kodi zitaibwa. Hofu hiyo ina msingi, na Juni 2024 vijana waliojaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha waliisema kwa sauti kubwa hadi Rais William Ruto akakataa kuutia saini. Lakini mifuko ya makato nayo imeibiwa. NSSF ya miaka ya 1990 ina historia ndefu ya ununuzi wa ardhi kwa bei za ajabu. Kinga ya wizi ni uwazi wa kanuni. Pensheni inayolipwa kwa kupima umaskini humpa chifu na kamati nafasi ya kuchagua, na penye kuchagua hupenya rushwa. Pensheni ya umri tu haina cha kuchagua: kitambulisho kinaonyesha mwaka wa kuzaliwa, kiwango ni kimoja, na jirani asipolipwa mtaa mzima unajua. Malipo ya namna hiyo pia huweza kurudisha imani ya wananchi kwa kodi, kwa sababu yanaonekana mkononi mwa mama.

Kuhusu wakati, Japani inatoa funzo la wazi. Iliunda pensheni ya raia wote mwaka 1961, wakati wenye miaka 65 na zaidi walikuwa kama asilimia 6 tu ya watu. Leo ni kama asilimia 29. Mzigo ni mzito: tangu 2009 nusu ya pensheni ya msingi hulipwa na serikali, na mwaka 2019 kodi ya matumizi ilipandishwa hadi asilimia 10 kwa ajili ya huduma za jamii. Lakini jengo lilikuwa limesimama kabla dhoruba haijafika. Kenya iko kwenye asilimia 4. Uingereza ya 1909 nayo ilikuwa na wazee wachache. Nchi hizi zilianza zikiwa changa, zikajifunza kulipa wakati wapokeaji ni wachache, na zilipozeeka zilirekebisha kilichokuwapo. Anayengoja wazee waongezeke ndipo aanze atakuta hana ofisi, hana sheria, hana mazoea, na deni limekwisha kuiva.

Hukumu

Mapokeo yote manne yana kazi yake. Ukoo una mkono na neno la faraja. Usitwikwe gharama usizoziweza. Makato ya NSSF yanamfaa mwenye hati ya mshahara, na yaendelee yakisimamiwa kwa uangalifu. Baitul Mal inatukumbusha kwamba aliyetozwa ujanani anadai uzeeni. Ni pokeo la kodi peke yake linaloweza kumfikia kila mtu aliyesimama getini, na ndilo lenye uwezo wa kusambaza mzigo kwa taifa zima badala ya kuutua juu ya mtaa mmoja kama ilivyokuwa Muthurwa.

Kinachotakiwa Kenya kinaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja. Umri wa Inua Jamii ushuke hadi 65. Kiwango kipande kila mwaka kufuatana na bei za sokoni. Haki hiyo iwekwe kwenye sheria yenye tarehe ya kulipa, isitegemee huruma ya bajeti ya mwaka. Na chanzo chake kianzie kwenye faida ya ardhi, majengo na mapato makubwa kabla ya kugusa sabuni.

Bajeti ya taifa hupitia vikao vya maoni ya umma kila mwaka, na Makadara, Starehe, Embakasi Kusini na maeneo bunge mengine yote yana wabunge wanaoipigia kura. Wewe unayesoma haya, na hasa wewe kijana unayelipwa kwa siku, nenda kwenye vikao hivyo na umuulize mbunge wako swali moja: pesa za wazee ziko ukurasa gani, na ni kiasi gani? Unadai kwa niaba ya wazazi wako leo, na kwa niaba yako mwenyewe baada ya miaka thelathini.